Je, wajua kwa nini mwarobaini ni mchungu hivyo?

Watu husema jina lake limetokana na maradhi arobaini unayotibu. Lakini kwa watu wa Pwani, arobaini ni namba yenye uzito. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, marehemu husomewa arobaini yake, na siku za mwizi nazo ni arobaini. Kwa hiyo aliyeuita mti huu mwarobaini si lazima awe alikaa akahesabu maradhi moja moja. Alichotaka kusema ni kwamba unatibu mengi.

Asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, lakini Mombasa umekuwa mwenyeji kamili. Kuanzia Kisauni mpaka Likoni utaukuta uani na kando ya barabara, kwa sababu unavumilia ukame na haudharau udongo mwembamba uliolalia mwamba wa matumbawe. Popo na ndege hula matunda yake, kisha huzitawanya mbegu. Kila mtu anaujua uchungu wake, ila wachache hujiuliza uchungu huo una kazi gani.

Mti umejiwekea uchungu huo kuwa ngao yake. Ukiwahi kung'ata kokwa ya ndimu kwa bahati mbaya, umekwisha kuonja jamaa zake: ni kemikali za kundi la limonoidi. Mwarobaini umezisheheni za aina nyingi, na nyingi zaidi ziko ndani ya mbegu, kwa kuwa huko ndiko mti ulikoweka uzao wake. Mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alikuwa ametenga mojawapo, nimbini, kufikia mwaka 1942. Kisha mwaka 1959, nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakifyeka kila kijani na kuiacha miarobaini imesimama na majani yake. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walitenga kemikali inayohusika zaidi, azadirakitini. Imesukwa kwa namna tata mno: wanakemia wa Cambridge walihangaika miaka 22 kabla ya kuiunda wenyewe maabara mwaka 2007.

Azadirakitini hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza humkatisha mdudu hamu. Nzige akikuta kiasi kidogo tu juu ya jani, hulisusa. Pili, inapoingia tumboni huvuruga homoni zinazomwezesha mdudu mchanga kujivua gamba. Kiwavi aliyekula haanguki papo hapo. Hupoteza nguvu, huacha kula, na siku ya kuvua ngozi ya zamani ikifika hukwama ndani yake. Ndiyo sababu anayepuliza dawa jioni na kutafuta mizoga asubuhi husema mwarobaini umemwangusha. Mpe kiwavi siku tatu au nne, kisha tazama kama majani mapya yanaliwa.

Kwa sukuma wiki au mchicha wa uani, dawa huanzia kwenye tunda lililoiva likawa la manjano. Lioshe nyama yote itoke, uanike mbegu kivulini kwa siku kadhaa, zikiwa zimetandazwa safu moja kwenye mkeka. Hapa ndipo wengi huharibu. Jua kali huvunjavunja azadirakitini, na mbegu mbichi zikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu, pengine wenye sumu ya aflatoksini. Zikikauka, bangua ganda, chukua gramu 50 za kiini na utwange polepole upate unga. Ukiponda kwa fujo mafuta hujitenga ukabaki na donge. Tumia kinu cha kazi hiyo pekee, maana mti wa kinu hunywa uchungu, na chakula kitakachotwangwa humo baadaye hakitalika. Funga unga kwenye kipande cha leso kuukuu, ulowe katika lita 1 ya maji baridi usiku kucha. Asubuhi kamua, chuja, tia robo kijiko cha chai cha sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Weka chombo kivulini mpaka jua likizama, upulize jioni hiyo hiyo, na usisahau chini ya majani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, au mvua ikinyesha.

Usichemshe, kwa sababu joto linaua kile unachokitafuta. Maji nayo yana neno. Visima vingi vya kisiwani hupita kwenye chokaa ya matumbawe, na azadirakitini hudumu zaidi katika maji yenye uchachu kidogo kuliko yenye magadi au chokaa. Ukiona sabuni haitoi povu kwenye maji yako ya kisima, tafuta ya mvua.

Kunde na pojo za akiba ni rahisi zaidi. Mililita 2 hadi 3 za mafuta ya mwarobaini kwa kilo moja, zikisuguliwa mpaka kila punje ing'ae, huzuia mayai ya fukusi yasianguliwe. Harufu itakuwa kali, kama ya kitunguu saumu kilichooza. Osha vizuri kabla ya kupika.

Kabla ya kuchuma chochote, hakikisha ni mwarobaini kweli. Kuna mti wa ukoo huo huo, Melia azedarach, ambao hupandwa kwa urembo na kivuli, na matunda yake ni sumu kwa binadamu. Shika jani moja zima. La mwarobaini lina ukuti mmoja wenye vijani pande mbili, kila kijani kimejipinda kama mundu, kingo zake meno kama ya msumeno, na upande mmoja wa kitako umepanda juu ya mwingine. La Melia limegawanyika mara mbili: kwenye ukuti mkubwa kuna vikuti vidogo, na vijani viko juu ya hivyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya Melia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu kama zaituni dogo. La Melia ni duara kama gololi na hubaki mtini hata majani yakipukutika.

Kwa ngozi, matumizi ya kale yana msingi, kwani kinachosababisha upele wa kuambukiza ni kidudu kinachochimba ndani ya ngozi. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992 uliwapaka watu 814 mchanganyiko wa majani mabichi ya mwarobaini na bizari ya manjano, na asilimia 97 walipona kati ya siku 3 na 15. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo uuchukue kwa kipimo chake. Anayejaribu asage sehemu 4 za majani kwa sehemu 1 ya manjano, apake mwili mzima kuanzia shingoni, na wote wanaolala chumba kimoja wapakwe siku hiyo hiyo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Kumpaka mtoto mmoja na kuwaacha nduguze ni kazi bure.

Kwa mbu, kijiko 1 cha chai cha mafuta ya mwarobaini katika robo lita ya mafuta ya nazi hutosha kupaka miguu na mikono jioni. Chandarua kibaki pale pale.

Penye hatari ni kunywa. Kwinini ni chungu, pakanga ni chungu, na zote mbili zimetoa dawa za malaria; basi watu wakahitimisha kwamba kila kichungu kinatibu homa. Mwarobaini una kemikali iitwayo gedunini ambayo huua vijidudu vya malaria ndani ya chupa za maabara, ila haijathibitishwa kwamba kikombe cha majani yaliyochemshwa kinamponya mgonjwa. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akingojeshwa siku mbili kwa vikombe vya mwarobaini, malaria inaweza kupanda kichwani.

Mafuta ya mbegu yasiingie kabisa kinywani mwa mtoto. Mwaka 1981 madaktari waliripoti watoto wachanga wa Malaysia waliopewa mafuta hayo kwa kijiko kama dawa ya nyumbani: walitapika, wakalegea kwa usingizi, wakashikwa na degedege, na wapo waliokufa. Mjamzito asinywe majani wala mafuta, kwa sababu kwa wanyama yameonekana kuharibu mimba. Anayetumia dawa za kisukari ajue kwamba mwarobaini nao hushusha sukari, na viwili hivyo pamoja vyaweza kumwangusha.

Kijiti cha mswaki hakina makuu. Kata chenye unene wa kidole kidogo, menya gamba sentimita 2, tafuna ncha mpaka nyuzi zichanue, sugua, uteme mate. Kesho kata ncha ya jana uitupe, uanze nyuzi mpya.