Hiari ya mahakama si "apendavyo jaji"

Kila inapotoka hukumu ya kuzua mjadala, utasikia: "Sheria ilikuwa kimya, jaji akatumia hiari yake." Msemaji anamaanisha jaji ameamua alivyojisikia. Hiari ya mahakama ni uwezo wa jaji kuchagua uamuzi pale sheria isipompa jibu moja. Basi.

Kinachonikera ni lile neno hiari. Limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na heri. Nasi tukisema "heri hili kuliko lile", tumeshapima mawili na kushika lililo bora. Ndiyo hiari ya asili. Siku hizi "hiari yako" imekuwa sawa na "shauri yako", fanya upendavyo, na maana hiyo ndiyo watu wanayomvisha jaji. Haimfai. Jaji hana hata hiari ya kukaa kimya: sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, kifungu cha 4, inasema atakayekataa kuamua kwa kisingizio kwamba sheria haisemi kitu au haieleweki anaweza kushtakiwa. Ile ya Uswisi ya 1907 inamwelekeza: sheria ikikosekana afuate mila, na mila ikikosekana afuate kanuni ambayo angeiweka kama angekuwa mtunga sheria. Kanuni, yaani jambo ambalo yuko tayari kuwaamulia na wengine watakaokuja na shauri kama hilo, si huyu aliyesimama mbele yake tu.

Mwaka 1889, mahakama ya rufaa ya New York ililetewa shauri la kijana aliyemuua babu yake kwa sumu ili asije akabadilisha wosia uliomrithisha. Wosia ulikuwa halali, na sheria ya mirathi haikumtaja mrithi muuaji. Majaji wengi walimnyima, wakishika kanuni ya zamani kwamba mtu asinufaike na uovu wake. Jaji Gray alipinga: sheria imeshaeleza wosia unafutwaje, na mahakama haina mamlaka ya kumwongezea mtu adhabu. Walitofautiana kabisa, lakini hakuna upande uliosema "tumependa hivi".

Kwa hiyo ukisoma hukumu ya namna hiyo, tafuta zile aya ambamo jaji anatoa sababu zake. Ukiziona dhaifu, sema ameitumia hiari vibaya, au hakuitumia kabisa.