Kariakoo: biashara ilianzia barazani

Ukiingia Kariakoo leo kwa Mtaa wa Msimbazi, katikati ya maghorofa, fremu za maduka zilizobanana na mikokoteni, ni vigumu kuamini kwamba viwanja hivi vilikatwa kwa ajili ya nyumba za kuishi. Ndivyo ilivyokuwa. Wajerumani walilichora eneo hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza liwe makazi ya Waafrika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina hilo likageuka Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga wakazi hawa na mitaa ya Wahindi na Wazungu iliyo upande wa bandari.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, siri ya Kariakoo haiko sokoni. Iko kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja, vingine akapangisha. Barazani fundi aliweka cherehani, mama akakaanga vitumbua alfajiri. Chumba cha mbele kikitobolewa mlango wa kutazama barabara, tayari ni duka. Hakuna aliyehitaji mtaji mkubwa wala kibali cha kujenga upya. Ndiyo maana biashara ilienea mtaa kwa mtaa, Kongo, Swahili, Narung'ombe, bila kungoja mpango wa serikali.

Jengo la soko tunalolijua lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na paa lake la miavuli ya zege ni kazi ya kujivunia. Chini yake, kule shimoni, ndiko mazao ya jumla yaliposhushwa. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya.

Mageuzi ya biashara ya miaka ya 1980 ndiyo yaliyobadilisha sura ya mitaa. Bidhaa za nje zilimiminika, wanunuzi wakaja kutoka Zambia, Malawi na Kongo, kilemba cha fremu, yaani malipo ya kupata fremu juu ya kodi, kikapanda. Warithi wa nyumba za zamani wengine waliuza, wengine wakaingia ubia na wajenzi, na ghorofa likasimama palipokuwa na korido na ua.

Nyumba za zamani zilizobaki ni chache, na zinabomolewa. Kama familia yako inayo moja, kabla ya kumkabidhi mjenzi pima vyumba, piga picha baraza, ua na milango, nakili hati ya kiwanja, kisha andika majina ya wapangaji ambao wazee wanawakumbuka na kazi walizofanya. Nakala moja ipelekeni makumbusho au nyaraka za taifa.