Kwa nini vijana hupotea kanisani wakishapata kipaimara?

Fika Rungwe, mkoani Mbeya, Jumapili ya kipaimara ujionee. Mvua ya Tukuyu haina adabu, kwa hiyo kina mama wanavuka uwanja wa kanisa wakiwa wameyainua magauni meupe ya mabinti zao yasiguse tope. Wavulana wamevaa suti za mtumba kutoka soko la Mwanjelwa, vidole vinachungulia tu kwenye mikono ya koti. Shingoni mashada ya maua ya plastiki. Mchungaji anawawekea mikono kichwani mmoja mmoja, kwaya inaimba, na nyumbani kreti za soda zimeshapangwa ukutani zinasubiri wageni.

Halafu rudi kanisa hilohilo miezi miwili baadaye, hesabu waliobaki. Safu mbili zilizojaa siku ile sasa zina watoto wa Sunday school waliohamia huko kwa kuwa kuna nafasi. Muulize mzee wa kanisa walikokwenda wenyewe, atakujibu kwa neno moja: "Wamehitimu."

Ni utani, ila nao una ukweli wake. Kipaimara, ukilipasua neno, ni kipa-imara, kitu cha kumpa mtu uimara. Imekuwaje basi kinachotakiwa kumshikilia kijana ndicho kiwe mlango wake wa kutokea?

Kwanza tukubaliane kwamba namba hatuna. Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, wengine wakaulizwa mpaka aina ya choo, lakini dini haikuguswa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nusu ya vijana wameacha kanisa", jua ametazama mabenchi ya kwao. Hata mimi natazama mabenchi. Ila mabenchi haya nimeyakalia tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na ninachokiona ni kwamba wengi wao hawakuondoka kwa kukata shauri. Walidondoka njiani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amenyoosha mkono kuwapokea.

Mambo ya "kuhitimu" hayakuanzia hapa. Mwaka 1539 huko Hesse, Ujerumani, mwanamatengenezo wa kanisa Martin Bucer alikuwa na ubishi na Waanabaptisti, waliosema mtoto mchanga asibatizwe kwa kuwa hajachagua mwenyewe. Bucer akakubali nusu. Ubatizo wa watoto ubaki, lakini mtoto akishapata akili afundishwe, aulizwe mbele ya watu, ajibu kwa kinywa chake, ndipo awekewe mikono na akaribishwe kwenye Chakula cha Bwana. Katika nchi za Waprotestanti wa Kijerumani siku hiyo ikaja kushikana na kumaliza shule, mtoto akiwa na miaka kama 14. Baada ya hapo ni kazi. Ilikuwa sherehe ya kuuaga utoto, hata kama haikuitwa hivyo.

Wajerumani ndio walioileta kwetu. Mwaka 1891 Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliingia pembe hii kupitia Ziwa Nyasa. Wamoravian wakajenga Rungwe, wa Berlin wakashika upande wa mashariki na baadaye wakasogea Ubena na Uhehe. Wakaja na katekisimo, na sherehe, na lile wazo kwamba mtu akishavuka hapo ni mkubwa. Kilichobadilika ni kinachofuata baada ya siku ile. Zamani aliyevuka alibaki kijijini, akapewa shamba, akaoa, na kanisa likaendelea kumwona kila siku akipita na jembe begani. Wa leo akivuka anapanda basi la Costa.

Kituo cha kwanza ni shule. Mimi nilipata kipaimara nikiwa na miaka 14, miezi michache baadaye nikapelekwa bweni upande wa Iringa. Mama alinipa barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wetu, imegongwa muhuri wa zambarau, niipeleke kanisa la huko. Niliiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka na unga wa ugali wa kukaanga. Nilikuja kuiona tena nikiwa kidato cha tatu, imeliwa na panya pembeni, muhuri umebaki. Hakuna aliyeniuliza kama niliipeleka. Wala kule ilikokuwa inakwenda hakuna aliyekuwa anaisubiri.

Lakini usidhani shuleni tulikuwa wapagani. Jumapili kila umoja wa wanafunzi Wakristo una darasa lake: hili linakuwa la UKWATA, yaani Walutheri, Wamoravian, Waanglikana na jamaa zao. Linalofuata la CASFETA, Wapentekoste. Mbele kidogo TYCS, Wakatoliki. Huko kijana wa miaka 16 anahubiri. Anaongoza maombi, anatunza daftari la fedha, anapanga mkesha, anajifunza kinanda kwa kubahatisha mpaka kinaeleweka. Wengi wetu tulikuja kumjua Mungu kwa bidii humo darasani kuliko tulivyomjua kwenye ile suti.

Sasa funga shule, mrudishe nyumbani Desemba. Huyu aliyehubiria wanafunzi mia tatu anapokelewa na kazi moja: kubeba viti. Akiomba kuongoza ibada ya asubuhi anaambiwa asubiri, zamu zimeshapangwa. Makanisa yetu yana mahali pa mtoto, na mahali pa mwanafunzi wa kipaimara, kisha mahali pa mama na pa baba mwenye familia. Kati ya kipaimara na ndoa kuna miaka kumi, wakati mwingine kumi na tano, ambayo mtu ni "kijana" tu. Kama si mwimbaji, sijui utampa nini afanye. Hata daftari la waumini linahesabu kwa kaya, na yeye kaya hana. Yuko kwenye karatasi ya baba yake mpaka aoe.

Kisha mji. Nenda Kabwe, Mbeya mjini, Jumapili saa mbili asubuhi, utamkuta yuko juu ya bodaboda. Siku hiyo ina pesa kwa sababu moja ya kuchekesha: watu wanakwenda kanisani. Anapakia mishikaki, mama na watoto wawili na Biblia zao, anawashusha getini, anageuza. Kanisa analifikia kila wiki, labda mara nne kwa siku, ila anaishia getini. Wenzake walioko Makongolosi kwenye dhahabu ya Chunya hawana hata hilo geti, maana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, haijui Jumapili. Na wale wa mbao Mafinga, au wa mizigo Tunduma, ni habari ileile.

Pesa nitaisema haraka kwa kuwa kila mtu anaisema. Bahasha, ahadi, jengo, gari la mchungaji, mavuno. Kijana asiye na kipato anaona aibu kuitwa namba yake ya bahasha ikiwa tupu. Ni kweli inawakimbiza baadhi. Ila nimeona vijana haohao wakitoa nauli ya wiki nzima kwenye mkutano wa injili, kwa hiyo sidhani hapo ndipo penye jeraha kubwa.

Jeraha kubwa, kwa maoni yangu, ni kutengwa. Kwa asiyejua: katika sharika nyingi za Kilutheri na Kimoravian, binti akipata mimba nje ya ndoa, wazee wanakaa, jina lake linapitishwa, anaondolewa kwenye Chakula cha Bwana. Mtoto akizaliwa, ubatizo wake mara nyingi husubiri mama "arudi kundini". Kurudi kundini maana yake ni kusimama mbele ya watu wote waliokuona ukiwa na gauni jeupe, na kutubu. Mvulana? Mara nyingi yuko safu ya nyuma, au yuko Dar, na jina lake halijatajwa na mtu. Nimemwona binti mmoja akisimama hivyo, mtoto mgongoni amelala, na wakati wote wa maombi alikuwa anavuta tu kona ya khanga imfunike mtoto uso. Alirudi kundini siku ile. Jumapili iliyofuata sikumwona, na nyingine pia.

Upole zaidi, lakini kwa matokeo yaleyale, ni sogea tukae. Kijana amepanga chumba kimoja Ilomba. Binti amekuja na begi, likaja la pili, kisha sufuria. Wazazi wote wawili wanajua. Mahari imelipwa nusu. Ndoa ya kanisani wanaitaka, tena kwa moyo, ila wanaiwaza pamoja na ukumbi, keki, sare za kamati na michango ya watu mia mbili, kwa hiyo inasubiri pesa. Mpaka hapo hawako mezani kwa Bwana, na kwa Wakatoliki ndiyo hivyohivyo, hawakomuniki. Sasa mtu atakaa ibada nzima ili akifika mwisho abaki peke yake kwenye benchi, wenzake wote wamesimama kwenye mstari? Mara ya kwanza atavumilia. Baadaye ataona bora alale. Ukimuuliza kama ameacha kanisa atashangaa, kwa sababu yeye kichwani mwake anasubiri ndoa tu.

Marekani walilichunguza jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2019 Lifeway Research walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu waliokuwa wakihudhuria makanisa ya Kiprotestanti wakiwa shule ya sekondari: asilimia 66 waliacha kwa mwaka mmoja au zaidi kati ya umri wa miaka 18 na 22. Nilitegemea sababu ya kwanza iwe sayansi, au siasa, au mitandao. Iliyotajwa na wengi zaidi, asilimia 34, ilikuwa kwamba walihamia chuoni. Ikafuata ya waumini kuonekana wenye kuhukumu au wanafiki, asilimia 32. Ukiyatoa theluji na magari, ni hadithi ya barua yangu na ya yule binti.

Ila tunapoachana nao ni hapa: kule wengi wanaishia kujiita watu wasio na dini. Nyanda za Juu Kusini, kijana wa kukwambia uso kwa uso kwamba hamwamini Mungu utamtafuta kwa tochi, labda umpate mmoja vyuoni, na hata yeye akifiwa atataka mchungaji. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani wa 2018, uliogusa nchi zaidi ya 100, nao ulionyesha kwamba pengo la dini kati ya vijana na wazee ni dogo Afrika kuliko Ulaya na Marekani Kaskazini.

Wengi wa waliokosekana kwenye benchi letu, basi, wako kwenye benchi jingine. Wako kwenye makanisa ya Kipentekoste, TAG au EAGT, hili ambalo Moses Kulola alilianzisha mwaka 1991 alipotoka TAG, au wako kwenye turubai la nabii aliyefika juzi na spika mbili. Wazee wetu wanalia kama vile ni jambo geni. Si geni. Miaka ya 1920 na 1930 huku Rungwe na Kyela makanisa ya Waafrika wenyewe yalichipuka yakiwavuta watu kutoka misheni, na moja ya mambo yaliyowavuta ni kwamba yalimpokea mwenye wake wengi, ambaye misheni ilimfungia mlango. Tabu ilikuwa ileile ya nani anaruhusiwa mezani. Babu zetu waliokimbia wakati ule walikuwa vijana.

Wakatoliki wana kamba yao ambayo naionea wivu kidogo, jumuiya ndogondogo. Nyumba kadhaa za jirani zinasali pamoja kila wiki, na asiyeonekana anafuatwa hadi mlangoni. Sehemu ya nguvu yake, tuseme ukweli, ni hofu: usipojulikana kwenye jumuiya, siku ukifa nani atathibitisha kwa padri kwamba ulikuwa wake? Lakini hata hiyo inawashika zaidi wenye nyumba. Aliyepanga chumba, anayehama kila miezi sita kufuata kodi nafuu, jumuiya inamkosa kama sisi tunavyomkosa.

Wengine hurudi, na hurudi na sababu moja. Ili ufunge ndoa kanisani utaulizwa cheti cha kipaimara, na chenyewe kilipotea zamani, kwa hiyo inabidi urudi ulikokipata. Mwaka jana nilikuwa ofisini kwa wazee, mvua inapiga bati hatusikilizani, akaingia kijana wa miaka ishirini na tisa hivi, mwenzake amebaki barazani na mtoto. Shikamoo zikapita. Mzee akavaa miwani, akashusha lile daftari kubwa jeusi, akapukuta vumbi, akawa anateremsha kidole taratibu kwenye majina, mpaka akalifikia. Tarehe ipo, jina la baba lipo, na mbele yake mwandiko wa wino wa bluu: *amehama*.

"Ulikuwa wapi miaka yote hii, mwanangu?"

"Nilikuwa hapo Uyole tu, mzee."