Hapana, mkono haukuanza kutetemeka

Jumamosi nilikuwa kwa sherehe ya mahari huko Mamboleo, nimekaa zangu chini ya tenti na soda baridi, mara kijana mmoja akaja na sinia na kisu akaniwekea mbele. Ati mbuzi imeiva, daktari akate. Nikamwambia pale nyuma kuna mtu wa bucha ameketi, mpe yeye. Wazee wakaangaliana, halafu mmoja akaniinamia na ile sauti ya matangani: "Pole daktari. Kumbe ndiyo maana uliacha. Mkono ulianza kutetemeka?"

Sijui hii ni mara ya ngapi. Tangu niache upasuaji, kuanzia boda wa steji yetu mpaka shemeji yangu mwenyewe, kila mtu ameshajiamulia kwamba mkono ulinisaliti. Basi wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Mkono wangu umetetemeka tangu siku ya kwanza thieta. Wako pia unatetemeka. Nyoosha mkono sai, tandika karatasi juu ya vidole, angalia pembe zake. Mkono wa mtu mzima mwenye afya hutikisika kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na ukikosa usingizi ama ukibugia kahawa inaonekana zaidi, na sisi usingizi hatukuwa nao na kahawa ndiyo ilikuwa chakula. Kwa hivyo hungoji mkono uwe jiwe, unautafutia pa kukaa. Kiwiko unakibana ubavuni, kiganja unakilaza juu ya mgonjwa, unapumua, unaendelea. Mzee mmoja aliyenifundisha, mikono yake ikiwa hewani ungedhani anasubiri matokeo ya KCSE. Ikigusa tumbo la mgonjwa inatulia tuli.

Halafu hiyo mambo ya mbuzi. Kisu chetu kazi yake kubwa iko mwanzoni, kwa ngozi. Baada ya hapo ni mkasi, ni vidole, ni ile mashine ya kuchoma mishipa, na kufunga nyuzi mpaka uchoke, maana shida yote ni kupata njia katikati ya vitu bila kuvikata. Mtu wa bucha anapita ndani ya vitu. Ni fani mbili tofauti na yake mimi siiwezi, mnipe kipande kama wageni wengine.

Nilichotoka nacho thieta kwa upande wa mikono ni fundo peke yake. Krismasi nilifunga gunia la makaa bila kufikiria, ule mzunguko wa kwanza unaupitisha mara mbili ili usilegee unapofunga wa pili. Mama watoto alipambana nalo robo saa, akaishia kupasua gunia na kisu cha sukuma huku akitaja ukoo wangu wote.

Na kuhesabu. Wageni wakitoka nahesabu vijiko, sijui kuacha. Thieta gozi moja, kile kitambaa cha kufyonza damu, ikikosa kwa hesabu hufungi tumbo, mnatafuta kwa ndoo, sakafuni, chini ya kiatu cha intani, yule daktari mgeni anayejifunza kazi, na mara nyingi ni hapo kwa kiatu cha intani. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilipoleta ile orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji, tukacheka sana. Ati hata mtu ajitambulishe kwa jina. Nimefanya kazi na huyu sista miaka tisa, anajua mpaka watoto wangu wanasoma wapi, sai nimwambie naitwa nani? Halafu asubuhi moja, hernia, yaani ngiri, mgonjwa ameshalala, sista huyohuyo akasoma swali lake kwa karatasi: tunafanya upande gani? Mimi nilikuwa nimesimama upande ule mwingine. Hakuna aliyesema kitu. Nilizunguka meza kama mtu aliyekuwa anaenda huko tangu mwanzo.

Hii ibada ya mkono naona ilikuwa na maana zamani, kabla ya dawa ya usingizi. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa dakika mbili tatu, na hiyo haikuwa mbwembwe, mgonjwa alikuwa macho anapiga nduru. Oktoba 1846 wakaonyesha etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, kule Boston, Desemba Liston mwenyewe akaitumia, na kuanzia hapo mbio hazikuwa tena na sababu. Lakini sifa ilishabaki kwa mkono na imekataa kutoka.

Mkono unafundishika jamani. Intani yeyote asiye mvivu, mpe miaka michache, atakata na kushona vizuri. Kilichonitoa mimi ni maumivu ya shingo, na simu ya saa nane usiku. Tumbo linauma upande wa kulia chini, joto liko juu kidogo, amekula jana, hajui vizuri lilianza lini. Fungua ama ngoja? Ukingoja apendiksi, kale kautumbo kadogo ka upande huo, ikapasuka, ni wewe. Ukifungua ukute iko sawa, ni wewe pia, ila hapo hakuna atakayejua. Enzi zetu tulifundishwa kwamba kama kila apendiksi unayotoa ni mbovu basi wewe unangoja sana, moja ama mbili kwa kila kumi zikitoka nzima hiyo ni kazi safi. Kwa kitabu inasomeka vizuri. Kitabu hakikutani na hiyo moja sokoni.

Mimi hukutana naye Kibuye. Anauza nyanya. Apendiksi yake ilikuwa laini, nyeupe, haina kosa lolote, nimeishika na hivi vidole. Kwa faili niliandika vile ilivyokuwa, yeye nikamwambia "haikuwa mbaya sana." Maumivu yaliisha, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Ijumaa amenipimia nyanya za mia, akaongeza tatu juu, akamwambia jirani yake wa vitunguu huyu ndiye aliniokoa.

Nikabeba zote.