Mraibu Anaposahau: Ufafanuzi kwa Familia

Malalamiko tunayoyapokea kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, yanafanana. Kijana katumwa sukari, karudi na mkate, na chenji haieleweki. Nyumbani wanahitimisha kuwa ana dharau au kaiba. Inawezekana kaiba, hatukatai. Ila mara nyingi agizo lenyewe halikuingia kichwani.

Heroini, yaani unga, huujaza ubongo dopamini, kemikali inayoujulisha kwamba jambo hili ni kubwa, lishike. Baada ya miaka, kinachoshikwa barabara ni kete, yaani kipakiti cha unga, inapatikana wapi na kwa nani. Miadi na ada ya mtoto havina uzito tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, nayo hudhoofika. Akiwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, usimpe maelekezo, unapoteza muda wako. Aliyewahi kuzidisha unga akakata pumzi, ubongo wake ulikosa oksijeni, na upotevu huo wa kumbukumbu unaweza kubaki.

Wapo wazazi wanaomnunulia kete ili arosto itulie. Uchungu wao tunaujua, lakini Sheria ya Tanzania ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, haina kifungu cha huruma ya mzazi. Humo, "kusafirisha" kunabeba pia kununua, kuhifadhi na kumpa mtu. Heroini isiyozidi gramu 200 ni miaka 30 jela, ikizidi, maisha.

Methadoni ilianza kutolewa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na mpaka leo tunaulizwa kama ni "unga wa serikali". Hapana, na tumechoka kulijibu swali hili. Ni dawa inayotuliza arosto kwa siku nzima bila kumpandisha na kumshusha, ndipo umakini unapopata nafasi ya kurudi, taratibu, kwa miezi.

Utaratibu ni huu: anafika kila siku, anatambuliwa, anakunywa mbele ya mtoa huduma, anakunywa maji, kisha anaongea ili ionekane amemeza. Hapewi ndugu amchukulie. Akikosa siku tatu mfululizo hapewi dozi ya zamani. Anapimwa upya, kwa sababu dozi ile ile sasa inaweza kumuua. "Nilisahau" tunaisikia kila wiki, na kwa haya tuliyoeleza huenda ni kweli, ila haimwondolei kupimwa upya. Anayemsindikiza aje na daftari, maelekezo aandike yeye.