Kadi ya ukaazi haijaisha, lakini kibali je?

Hapa Mombasa, wengi wenye mume au mke Ujerumani huamini kwamba maadamu tarehe ya kadi ya ukaazi haijapita, unaweza kukaa nyumbani Kisauni upendavyo, kisha urudi kuifanya upya. Si ajabu, tarehe ndiyo inayoonekana. Ila kwa sheria ya ukaazi ya huko, kifungu cha 51, kibali kwa kawaida hufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6, hata kama kadi imebakiza miaka 2.

Unakuja kuuguza mzazi? Omba muda mrefu zaidi, kwa maandishi, kabla hujasafiri. Walio huku tayari, fungueni pasipoti, tazameni muhuri wa kuingia Kenya, mhesabu. Kifungu chenyewe kipo mtandaoni bure. Mwenye Kijerumani akusomee.