Kavana: Kuuelekeza Moyo kwa Mungu

Wayahudi huita kavana ile hali ya moyo na akili kumwelekea Mungu wakati wa ibada. Aliyelelewa katika Uislamu ataona humo nia na khushuu kwa pamoja: kukusudia unachokifanya, kisha kutosahau unamfanyia nani. Katika masinagogi mengi, juu ya sanduku la Torati, huandikwa: "Jua umesimama mbele ya nani."

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo wa mnamo mwaka 200, inatoa mfano ulio wazi. Mtu anapita nyuma ya sinagogi na kusikia baragumu ya mwaka mpya. Akiuelekeza moyo wake, ametimiza wajibu. Asipouelekeza, hajautimiza, ingawa sauti aliyoisikia ni ile ile.

Hekaluni Yerusalemu jambo hili lilikuwa zito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tukiwaza dhabihu tunaona kisu, damu na moshi, kana kwamba kazi ya kuhani ilikuwa ya mikono tu. Kumbe sheria iliuangalia pia moyo wake. Alipokinga damu, kuipeleka madhabahuni na kuinyunyiza, alipaswa kuwa na mwenye sadaka akilini, aina ya sadaka yenyewe, na Mungu ambaye sadaka inatolewa kwake. Akikusudia wakati huo kwamba nyama italiwa baada ya muda uliowekwa, dhabihu ilikuwa piguli, chukizo, hata kama baadaye hakuna aliyechelewa kuila. Ndivyo marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, walivyoielewa Mambo ya Walawi 7:18. Nao walifundisha kwamba ng'ombe wa tajiri na konzi ya unga ya maskini ni sawa, mradi mtoaji ameuelekeza moyo wake mbinguni. Naona hapo ndipo kiini cha dhana hii kilipo.

Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70, na sala ikashika nafasi ya dhabihu. Mishna inasimulia wachaji wa kale waliokaa saa nzima wakitulia kabla ya kuanza kusali. Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliamua kwamba sala isiyo na kavana si sala. Mwenye kuisali hivyo airudie. Baadaye, kwa kuwa akili za watu hutangatanga, wanasheria walikaza zaidi sehemu mbili: aya ya kwanza ya Shema (ungamo la kwamba Mungu ni mmoja), ambayo husomwa macho yamefunikwa kwa mkono wa kuume, na baraka ya kwanza ya Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama.

Wazao wa makuhani wangali na huduma moja, ile baraka ya Hesabu 6:24-26. Huvua viatu, hujifunika shali ya sala, huinua mikono na kuinamisha macho. Waumini nao hawawatazami, wasije wakapotewa na kavana.